Gari Ndani ya Kiberiti

Watu wengi hudhani kuwa uhakiki ni kazi ya kupima vitabu, mashairi na michezo ya kuigiza tu. Hapana shaka kazi hizo zastahili kupimwa, na wewe msomaji umezoea kuulizwa katika mitihani mwandishi fulani amefaulu wapi na amekosea wapi. Walakini kipo kitu kinachomfikia mtoto miaka mingi kabla hajafikiwa na kitabu, nacho humwambia mambo makubwa juu ya ulimwengu pasipo kutumia neno hata moja. Kitu hicho ni kichezeo. Kichezeo kina mtungaji wake na mtindo wake, kina wanunuzi kama kitabu kilivyo na wasomaji, tena kina mambo kinayoyasema na mambo kinayoyanyamazia. Nakuomba basi tukihakiki kichezeo kimoja mashuhuri kama tunavyohakiki hadithi: kigari kidogo cha madini kilichouzwa ndani ya sanduku mfano wa kiberiti, ambacho watoto wa nchi nyingi walikikusanya kwa namba mpaka rafu zao zikajaa.

Habari yake yaanza London mwaka wa 1947. Vijana wawili waliokuwa wametoka vitani, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ijapokuwa jina lao la pili lilikuwa moja, walifungua karakana ndogo katika nyumba iliyokuwa kilabu cha pombe. Walichukua mwanzo wa jina la mmoja na mwisho wa jina la mwingine, wakaiita kampuni yao Lesney. Upesi wakajiunga na fundi wa tatu, Jack Odell, ambaye alikuwa na maarifa ya kuyeyusha zinki na kuishindilia katika kalibu za chuma hata itoke na umbo safi. Kazi yao ya kwanza haikuwa vichezeo. Walitengeneza vipande vidogo vidogo kwa ajili ya viwanda vingine, na kazi hiyo ilipopungua ndipo walipojaribu kuwatengenezea watoto vichezeo.

Mwaka wa 1953 uliwapa bahati kubwa. Tarehe 2 Juni mwaka huo Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa, na kampuni ya Lesney ikatoa mfano mdogo wa gari la dhahabu lililokokotwa na farasi wanane. Viliuzwa zaidi ya milioni moja. Yasimuliwa pia kuwa binti mdogo wa Odell alikuwa akisoma katika shule iliyowaruhusu watoto kuja na kichezeo chochote, maadamu kilienea ndani ya kiberiti. Baba yake akamfanyizia mtambo wa shaba wa kushindilia barabara, mdogo kiasi cha kutoshea. Wenzake binti walipouona, kila mmoja alitaka wake. Kutoka katika kanuni hiyo ya shule ulizaliwa mfululizo wa vigari ulioitwa Matchbox, yaani kiberiti, ukaanza kuuzwa mwaka uleule wa 1953.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana mwaka huo hauwezi kumpita mtu wa upande huu wa Kenya bila kumgusa. Elizabeth alipopata ufalme alikuwa katika nchi yetu, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, akilala katika hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri. Mbio za magari za Safari zilianzishwa mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwake, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, nazo kwanza ziliitwa kwa jina la kutawazwa huko. Lakini mwezi wa Aprili mwaka uohuo, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo huko Kapenguria, na kwa kuwa Kapenguria haikuwa na malazi, mawakili wao walilala Kitale, wakawa wanakwenda na kurudi kwa gari kila siku ya kesi. Fikiri basi, msomaji: magari yalikuwa yakitimua vumbi katika barabara ya Kitale na Kapenguria kwa ajili ya jambo zito kuliko yote katika nchi, na miezi miwili baadaye watoto wa Uingereza walikuwa wakisukuma gari la dhahabu juu ya meza ya chakula. Kichezeo hakikusema uongo. Gari lile lilikuwapo, na farasi walikuwa wanane. Lakini kilichagua la kusema, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mhakiki, kuuliza kazi iliyo mbele yake imechagua nini na imeacha nini.

Ningekuwa sina haki kama ningeishia hapo. Tuviangalie vigari vyenyewe. Namba ya kwanza katika mfululizo ilikuwa mtambo wa kushindilia barabara. Namba ya pili ilikuwa gari la kumwagia kifusi, na ya tatu mtambo wa kuchanganya saruji. Namba ya tano lilikuwa basi jekundu la London lenye ghorofa, na ya saba lilikuwa gari la kupelekea watu maziwa, likivutwa na farasi. Je, waona jambo moja katika orodha hiyo? Hivyo vyote ni vyombo vya kazi. Mtengenezaji hakuanza na magari ya matajiri. Alianza na vitu ambavyo mtoto wa fundi na mtoto wa kibarua huviona njiani kila asubuhi, vikiendeshwa na watu kama baba zao. Mtoto aliyeshika mtambo ule mdogo alishika kazi ya watu wazima katika kiganja chake, nayo ilikuwa na uzito, maana zinki si nyepesi kama plastiki. Nasema kwa yakini kuwa huo ni uzuri wa kweli, na kazi nyingi za fasihi ya watoto hazijaufikia.

Uzuri wa pili ni uaminifu. Odell alikuwa fundi wa mitambo kabla ya kuwa mfanyabiashara, na macho ya fundi hayavumilii uvivu. Taa ziko mahali pa taa, mistari ya milango imechorwa, na kila chombo kimepunguzwa hata kienee sandukuni bila kupoteza sura yake. Kuandika hadithi fupi ni kazi ya namna hiyohiyo: kupunguza bila kuua.

Hata hivyo ufundi peke yake haukukifanya kigari hiki kienee duniani. Palikuwa na ujanja mwingine, na huo ndio ninaotaka uutazame kwa makini, kwa kuwa hutumika hata leo, tena kwa ukali zaidi. Kwanza ni bei: kilikuwa rahisi hata mtoto aliweza kukinunua kwa senti zake mwenyewe, asimsumbue mzazi. Pili ni sanduku, lenye picha ya kilichomo, ambalo lilikifanya kila kigari kuwa zawadi ndogo. Tatu, na ndiyo iliyo kubwa, ni namba. Kila kigari kilikuwa na namba yake, na orodha ilipofika 75 wakaifunga hapo. Kitabu kidogo chenye picha kikatolewa ili mtoto aone ni vipi anavyo na ni vipi hana. Kisha, kigari kimoja kilipozeeka, kiliondolewa na kipya kikapewa namba ileile. Mtoto aliambiwa kwamba kazi ina mwisho, lakini mwisho wenyewe ulihama kila mwaka.

Namba ni kitu cha ajabu sana. Kabla ya namba mtoto alikuwa na kigari. Baada ya namba alikuwa na upungufu. Mwenye vigari kumi bila namba ni tajiri wa vigari kumi. Mwenye vigari kumi vyenye namba amepungukiwa na 65. Kitu hakikubadilika, wala mtoto hakubadilika. Kilichobadilika ni hesabu anayojifanyia kitandani kabla ya kulala. Kampuni ya Lesney haikuwa ya kwanza kugundua jambo hili, kwa kuwa wakusanyaji wa stempu walilijua zamani, lakini nadhani ni wachache waliolipeleka kwa watoto wadogo kwa ustadi mkubwa kama huo.

Katika mwaka wa 1965 namba 12 ilipewa gari ambalo sisi tungelitambua mara moja: Land Rover ya safari, ya rangi ya kijani, na baadaye ya buluu, yenye mizigo iliyofungwa juu ya paa. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Ni kazi nzuri. Mizigo ile imepangwa kama inavyopangwa na mtu anayejua safari. Walakini ndani yake hamna mtu. Gari la safari katika nchi zetu lilikuwa na dereva, tena aghalabu na mpishi na mfunguzi wa njia, na huko lilikokwenda kulikuwa na wenyeji waliolisukuma lilipokwama matopeni. Hawa wote hawamo. Utasema, hata basi la London halikuwa na abiria, nami nitakubali. Lakini mtoto wa London aliwajua abiria wa basi lake. Aliwajaza mwenyewe kwa mawazo. Mtoto huyohuyo alipolisukuma gari la safari juu ya zulia, aliweza kuwazia simba tu.

Sasa nakuomba tuiache London, tuje Matulo, karibu na Webuye. Hapa, na kote kutoka Bungoma hata Kitale, watoto walikuwa na magari yao miaka yote hiyo ambayo Lesney ilikuwa ikiuza yake. Umri wa miaka mitano mtoto aliunda gari la mabua ya mahindi, ganda kwa vijiti na moyo wa bua kwa magurudumu, na Kitale ni nchi ya mahindi, kwa hiyo malighafi haikuwa haba. Alipokua kidogo alihamia katika waya. Waya ulipatikana katika ua lililooza au katika tairi lililochomwa. Viungo vilifungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu. Magurudumu yalikatwa katika champali kuukuu, au yalikuwa vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu. Waya mrefu ulitoka katika ekseli ya mbele ukapanda mpaka kifuani mwa dereva, ukaishia katika duara la usukani, naye akaliendesha gari lake akiwa amesimama wima, anakimbia, huku mdomo wake ukiwa ndio injini.

Tulihakiki gari hili pia, wala tusilionee huruma kwa kuwa ni letu. Kwa sura, gari la waya halina uaminifu wa Odell. Milango haifunguki, taa mara nyingi hazipo, na magurudumu hayalingani. Tena halidumu, mvua mbili za Aprili humla waya, na mdogo wake mwenye gari humaliza kilichobaki. Na kuna aibu nyingine ambayo wanaolisifu hawapendi kuitaja: gari la waya lilikuwa la wavulana. Msichana aliyetaka kufunga waya aliambiwa akalete maji. Yeye aliachiwa mtoto wa bandia wa gunzi la mhindi, mwenye nywele za mahindi, ambaye kwa kweli alisukwa kwa ustadi usiopungua ule wa gari, ila hakuna aliyekuja kuutazama.

Lakini lina fadhili moja kubwa. Mvulana wa Matulo aliyeunda lori la waya alilazimika kujua kwa nini ekseli ya mbele hugeuka na ya nyuma haigeuki. Alijua kwa mikono yake kwamba lori refu halikati kona kama gari fupi, kwa kuwa lake lilipinduka. Mkusanyaji wa vigari vya kiberiti alijua majina ya magari 75. Fundi wa waya alilijua gari moja. Nikilazimishwa kuchagua mwanafunzi wa kumfundisha fizikia nitamchagua huyu wa pili, ingawa wa kwanza angenishinda katika maswali ya chemsha bongo.

Usidhani kwamba nalaumu tabia ya kukusanya. Watoto wetu hukusanya vifuniko vya soda tangu vilipoanza kuanguka mbele ya maduka, na sisi walimu wa madarasa ya chini tumewaambia kila mwaka wavilete shuleni wajifunzie kuhesabu. Mtoto aliyeleta mia moja alivipanga kwa rangi, akagundua kuwa aina fulani ni nyingi na nyingine ni chache, akabadilishana na jirani. Huo ni mwanzo wa sayansi. Aliyepanga vipepeo na aliyepanga majani ya miti walianza hivyo. Lakini kifuniko kina sifa moja ambayo kigari chenye namba hakina: hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua ni aina gani mtoto aikose.

Turudi kwenye historia, ambayo sasa yakimbia. Katika mwaka wa 1968 kampuni ya Marekani iitwayo Mattel ilileta vigari vyake, Hot Wheels. Hivi vilikuwa na rangi za kung'aa, maumbo ya ndoto, na ekseli nyembamba mno za waya zilizoviwezesha kuteleza kwa kasi isiyo na kifani. (Mtoto wa Matulo angecheka kusikia kuwa Wamarekani wamegundua waya.) Vigari vya Lesney vilionekana vizito na vizee siku moja. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilibadili magurudumu ikavipa vigari vyake mwendo wa kasi, lakini gharama ilikuwa kubwa na nguvu zikapungua. Mwaka wa 1982 Lesney ilifilisika. Jina na kalibu vilinunuliwa na kampuni ya Hong Kong, kisha mwaka wa 1992 vikapita kwa kampuni ya Marekani iitwayo Tyco, na mwaka wa 1997 vikaangukia mikononi mwa Mattel, yaani mshindani yuleyule.

Mapinduzi hayo yalibadili zaidi ya kasi. Mtambo wa kushindilia barabara ulimwambia mtoto: tazama kazi. Gari jipya la kung'aa lilimwambia: tazama mwendo. Wachache sana walikuwa na baba aliyeendesha gari la namna ile. Kichezeo kilikuwa kimehama kutoka njia ya mbele ya nyumba, kikaenda kuishi katika nchi isiyokaliwa na mtu.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonitia wasiwasi, nami nitaieleza kwa hesabu badala ya malalamiko. Mwaka wa 1974 kampuni ya Ferrero ya Italia ilianza kuuza yai la chokoleti lenye kichezeo kidogo ndani yake, usichoweza kukiona mpaka umelipia na kuvunja yai. Wazo hilo limekua likazaa mengine. Katika siku zetu sanamu ndogo yenye masikio marefu na meno ya msumeno, Labubu, iliyochorwa na msanii Kasing Lung mwaka wa 2015 na kuuzwa na kampuni ya Pop Mart ya China tangu 2019, imewafanya watu wazima walale nje ya maduka. Mwezi wa Mei 2025 maduka ya kampuni hiyo huko Uingereza yaliacha kwa muda kuiuza, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakipigana. Sanamu hiyo huuzwa katika kisanduku cha kubahatisha: wajua kuwa ndani mna moja katika aina kadhaa, lakini hujui ni ipi.

Chukua kalamu, msomaji. Tuseme aina ni sita, na kila moja ina nafasi sawa. Kisanduku cha kwanza lazima kikupe kipya. Ili kupata cha pili kisichofanana na hicho, nafasi yako ni tano katika sita, kwa hiyo kwa wastani utahitaji visanduku 1.2. Kwa cha tatu utahitaji 1.5, kwa cha nne 2, kwa cha tano 3, na kwa cha mwisho 6. Jumlisha: 14.7. Mtoto anayetaka sanamu sita hulipia karibu visanduku 15. Na hayo ni kama muuzaji ni mwadilifu wa nafasi sawa. Katika baadhi ya mfululizo wa Labubu ipo sanamu ya saba, ya siri, ambayo hutokea mara moja katika visanduku 72. Mtoto wa mwaka wa 1960 aliyekosa namba 12 alikwenda dukani, akaionyesha kwa kidole, akalipa, akaondoka nayo. Upungufu wake ulikuwa na dawa. Mtoto wa leo huuziwa upungufu wenyewe, umefungwa vizuri kwa karatasi ya rangi.

Waweza kunijibu kwamba mambo haya ni ya watoto wa London, Beijing na pengine Nairobi, na kwamba huku kwetu mzazi anayevuna magunia machache hana fedha ya kuchezea bahati. Jibu hilo ningalilikubali zamani. Lakini katika maduka makubwa ya miji yetu mayai ya Ferrero yamepangwa karibu na mahali pa kulipia, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka sita, na siku ya soko wachuuzi hutandaza chini vigari na wanyama wa plastiki wa bei ndogo kabisa. Vimeingia shuleni. Navyo vimebadili swali moja ambalo mwalimu hulisikia uwanjani bila kulitafuta. Kundi la watoto lilipomzunguka mwenye gari la waya, waliuliza, "Umelitengenezaje?" Linapomzunguka mwenye vigari vya dukani, huuliza, "Unavyo vingapi?" Swali la kwanza asiye na kitu aliweza kulijibu kesho yake, akipata waya. Swali la pili hana jibu ila baba yake awe nalo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka wa 2019, umewataka wanafunzi waunde vitu kwa mikono yao, vikiwemo vichezeo, kutokana na vifaa vilivyo karibu. Nia hiyo ni njema, nami nimeiona ikizaa matunda. Nimeiona pia ikizaa kichekesho, pale lori la waya linapoletwa darasani likiwa limenyooka mno, limepakwa rangi, na mtoto aliyelileta hajui ekseli iko wapi, kwa sababu mama yake alilinunua kwa kijana wa jirani Jumapili jioni. Gari la waya likishakuwa la kupata alama huwa halina tofauti kubwa na kigari cha namba.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kutunza. Vigari vya Lesney vimetunzwa. Wapo watu wazima wanaojua kila badiliko la rangi ya kila namba, na kigari cha rangi adimu katika sanduku lake huuzwa mnadani kwa fedha ambazo Odell hangaliziamini. Kwa ajili hiyo mtu akitaka kujua barabara za Uingereza zilipitwa na vyombo gani miaka ya 1950 aweza kuvipanga juu ya meza akavitazama. Sisi hatuna meza hiyo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka wa 1974, kikasimama mwaka wa 2009, na ijapokuwa kilipata wenyeji wapya mwaka wa 2016, malori ya magogo hayakurudi kuwa yale ya zamani. Katika miaka ile 35 malori hayo yalishuka barabarani yakiwa yamelemewa, na wavulana wa Matulo waliyaiga. Lori la magogo la waya lilikuwa na umbo lake maalumu, usiloliona kwingine: kichwa kifupi, tela refu lisilo na kuta, na nguzo nne za waya mzito zilizosimama pembeni kuzuia mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa mabua, yamekatwa sawasawa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu. Walioyaunda sasa ni baba wa watoto, na baadhi yao ni baba zenu. Watoto wao huunda bodaboda za waya, zenye kiti kirefu na abiria watatu wa udongo, na hakuna hata mmoja kati yao, katika darasa ninalolifundisha, aliyewahi kuliona lori lile. Mwombe mzee wako akufungie moja wakati wa likizo. Mpe waya mzito kwa ajili ya zile nguzo nne, maana waya mwembamba hupinda mzigo unapoegemea.